Hati Haifumuliwi

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimsikia mjukuu wangu akimwambia mwenzake kwamba nyanya yake alikuwa klina katika ofisi ya mawakili. Alisema kwa Kiingereza, akidhani niko mbali, na kwamba mtu akizeeka masikio yake nayo yanastaafu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika sahani ya mandazi na mchungaji alikuwa karibu. Sasa niko nyumbani, sahani nimeiweka chini, kalamu ninayo.

Nilifagia, ndiyo. Nilifagia ile ofisi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kisha nikashona hati zao miaka kumi na mmoja. Anayetaka kunitaja anitaje kwa ile miaka kumi na mmoja.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja kwangu mkitoka zamu za hospitali na za kulea wazee, na ninyi mnaosoma chuo. Ninyi nyote kuna karatasi mahali fulani hapa Birmingham imeandika kazi yenu, na wengi wenu hamjaisoma vizuri. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu kwa masista kule Taita, kwa hiyo hapa msitafute maneno ya kupendeza. Someni tu.

Kushona hati ni kazi gani? Najua mnacheka. Zamani karatasi nzito ya sheria, kama ya kuuza nyumba au ya kuweka mali wakfu, haikupigwa pini. Ilipigwa chapa kwenye karatasi nene, kurasa zikashonwa pamoja ukingoni kwa utepe mwembamba wa hariri ya kijani, kisha ncha za utepe zikabanwa chini ya lakiri nyekundu. Ukitaka kutoa ukurasa mmoja, sharti ukate utepe au uvunje lakiri. Ndiyo maana yake. Utepe ule ulikuwa mlinzi.

Unapanga kurasa, unazihesabu mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Unatoboa matundu matano kwa kidude kama cha fundi viatu. Unaanza tundu la katikati, kutokea nyuma, unapanda, unarudi, unashuka, unarudi, unamaliza pale pale katikati ili ncha mbili zikutane. Usivute utepe kama unafunga mbuzi, karatasi itakunja uso. Usilegeze pia, itaonekana umeokoteza. Mikono iwe mikavu. Mafuta ya kujipaka ni mwiko mpaka saa ya kwenda nyumbani. Na uzi usiulambe. Masista walitufundisha kulamba uzi uingie tundu la sindano, nikalamba utepe siku ya kwanza, nikapigwa kofi kidoleni.

Aliyenipiga ni Bi Hobday. Yeye ndiye alikuwa mshonaji wa ofisi kabla yangu, mwanamke wa Birmingham kwelikweli, mwembamba, hakuolewa wala hakulalamika. Yeye alimwita kila mtu "bab", kuanzia muuza maziwa hadi wakili mwenyewe. Ni neno la upendo la watu wa hapa, lakini yeye alilitoa kama anayekufungia mlango.

Niliingia ofisi ile mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuja Uingereza kama yaya wa familia moja iliyohama Kenya baada ya uhuru. Watoto walipelekwa shule za bweni, nikaambiwa kazi imekwisha, ahsante sana. Babu yenu alikuwa ameshafariki, na binti yangu Mghoi nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu. Nikachukua ufagio. Siku moja saa ya chakula nilikuwa nimekaa ngazini nikishona pindo la aproni yangu, Bi Hobday akasimama juu yangu.

"Nani amekufundisha mshono huo?"

"Masista."

"Masista gani?"

"Wafaransa. Kule kwetu."

Akalishika lile pindo, akaligeuza upande wa nyuma, maana mshonaji humjui kwa upande wa mbele. "Hawakukuonea huruma," akasema. "Vizuri. Vidole vyangu vimeanza kuvimba, bab. Kesho uje na mikono misafi."

Lazima niseme kidogo kuhusu wale masista, kwa sababu walinifundisha jambo moja zuri lililokaribia kuniharibia kazi. Mkubwa wao katika kushona alikuwa Sista Clotilde. Ukikosea hakupigi wala hapigi kelele. Anasema neno moja la Kifaransa, Défaites. Yaani fumua. Unafumua mshono wote, unaanza upya, hata kama ni kona moja tu iliyopinda. Nililisikia neno hilo mara nyingi hata nikadhani ni jina langu.

Basi hati ya kwanza niliyoshona peke yangu, bila Bi Hobday kunisimamia, ilikuwa ya mume na mke wazee wa mtaa wa Shard End. Walikuwa wanamwachia binti yao kipande cha ardhi ambacho mke alikirithi. Nikashona. Nikaiangalia. Mshono ulikuwa umepinda kidogo upande wa chini. Kichwani nikamsikia Sista Clotilde. Nikafumua, nikatoboa matundu mapya yaliyonyooka, nikashona tena, ikawa nzuri kama nguo ya ubatizo. Wazee wakaja, wakatia sahihi, lakiri ikapigwa, wakaenda zao. Mimi nikafurahi.

Bi Hobday aliishika hati ile kwa vidole viwili.

"Hii umeifumua."

"Ilikuwa imepinda. Nimeinyoosha."

"Njoo dirishani, bab."

Akaifungua ukurasa wa katikati, akauinua kwenye mwanga. Yale matundu ya kwanza yalikuwa pale pale, kando ya utepe, yanatoa vijinuru vitano. Sikuwa nimeyafikiria. Kwenye kitambaa ukifumua, nyuzi hurudi mahali pake na tundu hufa. Karatasi hairudi.

"Hati iliyopinda ni hati iliyopinda," akasema. "Hati iliyofumuliwa ni hati ya mwongo. Mtu akiona matundu kumi atauliza ni ukurasa gani umetolewa na upi umeingizwa. Utamjibu nini? Kwamba unapenda unadhifu?"

Hati ikapigwa chapa upya. Wale wazee wakaitwa tena, wakaja kwa mabasi mawili, mzee na goti lake bovu. Nilisimama mbele yao nikasema kosa ni langu. Mzee akaniangalia akasema, "Mkiniita mara ya tatu nitafia humu humu, mnizike kwenye kabati la hati." Mke wake akamwambia anyamaze, kwani alikuwa na mahali gani pengine pa kwenda siku hiyo.

Sista Clotilde alinifundisha kufumua. Bi Hobday akanifundisha kwamba hati haifumuliwi. Wote wawili walikuwa sahihi, na kazi ni kujua umeshika kitambaa au karatasi.

Sasa niwaambie kuhusu wakili mwenyewe, Bwana Marchant. Alikuwa Mwingereza, ila ukoo wake ulitoka Ufaransa zamani sana, na hilo lilimkaa moyoni kuliko kesi zake za nyumba na mipaka. Alikuwa mwanasheria wa chama kidogo cha watu wenye asili kama yake, waliokuwa na ukumbi wao wa matofali pale Nechells, karibu na maghala. Mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kifaransa yakitaka kung'olewa, yeye anaandika barua. Mji wa Ufaransa ukitaka kubadilishana wanafunzi au wanamuziki na Birmingham, yeye anaandika mkataba. Meza yake ilijaa barua zenye stempu za Ufaransa hata kikombe cha chai nilikuwa naweka dirishani.

Kichekesho ni kwamba Kifaransa chake kilikuwa kibovu. Alikipata kwa nyanya yake, aliyekitumia wakati wa kugombeza tu. Na mimi changu nilikipata kwa Sista Clotilde. Kwa hiyo tulikuwa na Kifaransa kimoja, mimi na wakili, Kifaransa cha kugombezwa. Akiniona nimeinama mno juu ya meza alisema, "Tenez-vous droite," kaa wima. Nami nikiona kona ya barua yake imepinda nilimwambia Défaites. Makarani walidhani tunajadili mambo makubwa.

Nilikuwa napanga chumba huko huko Nechells kwa Mama Kulwant, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu. Alikuwa na Kiswahili cha kupigia bei sokoni, na Kiingereza alikiongea pale tu alipokosa njia. Jioni ananiuliza:

"Mama Mghoi, leo umeshona nini?"

"Karatasi za Wafaransa."

"Wafaransa gani? Mimi hapa mtaani naona Wapunjabi, Wajamaika, na wewe. Mfaransa yuko wapi?"

"Walikuja zamani. Walifukuzwa kwao kwa ajili ya dini. Wakaja kufuma utepe wa hariri."

"Zamani lini?"

"Miaka mia mbili na zaidi."

Akaweka kikombe chini. "Ah. Wahamiaji." Akacheka hadi akashika mbavu. "Basi na sisi tungoje miaka mia mbili. Labda mtu atatushonea karatasi."

Nilicheka naye, lakini maneno yale nililala nayo.

Kwa maana ukumbi ule ulikuwa umepangiwa kubomolewa. Miaka ile Nechells nzima ilikuwa inabomolewa, ukitoka asubuhi hujui jioni utakuta duka lipi. Ukumbi wenyewe Bwana Marchant alishaukatia tamaa. Alichokuwa anapigania ni vitu vilivyokuwa ndani, hasa vitabu kumi na kimoja vya utepe. Vilikuwa vitabu vikubwa kama Biblia ya mimbarini, na ndani yake wale wafumaji walibandika kipande cha kila utepe waliofuma, maua, ndege, mistari, rangi ambazo hadi leo sijaziona dukani. Aliyekuwa mwenye ukumbi, Mzee Ferrand, alivifanya wakfu kabla ya kufa. Hati yake ilisema vitu vyote vilivyoorodheshwa visiuzwe wala visigawanywe. Shida ni kwamba hati ilipotolewa kwenye kabati ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa orodha haukuwemo.

Mpwa wa Mzee Ferrand, mrithi wake, akasema basi vitabu havimo katika wakfu, ni vyake. Na alikuwa ameshampata mnunuzi, muuza vitu vya kale aliyetaka kukata kurasa moja moja, azitie fremu, aziuze mojamoja. Karatasi moja ya orodha ilionekana baadaye, imelala peke yake ndani ya sanduku la mialiko ya zamani. Vitabu vyote kumi na kimoja vimetajwa. Wakili wa mpwa akaiangalia akasema hiyo ni karatasi ya kuokota, yeyote angeweza kuipiga chapa.

Nilipeleka chai siku ile, nikamkuta Bwana Marchant ameweka ile hati na ile orodha kando kando, ameshika kichwa.

"Imekwisha, Bi Mwakio," akasema. "Sina namna ya kuonyesha kwamba hizi mbili zilikuwa kitu kimoja."

Mimi nikaweka chai dirishani kama kawaida. Nikaiangalia ile hati pale mezani. Mimi hati siangalii maneno kwanza, naangalia ukingo. Utepe ulikuwa mpya mno. Mzee aliweka wakfu kabla ya vita, na utepe wa hariri wa umri huo unakuwa rangi ya majani makavu. Huu ulikuwa kijani kibichi, na lakiri iliyobana ncha zake nayo ilikuwa mpya.

"Nipe niione kwenye mwanga," nikasema.

Akanipa. Kurasa zote nne zilikuwa na matundu kumi kumi. Matano yamepitwa na utepe, yamenyooka. Matano mengine wazi, yameelemea upande mmoja kadiri yanavyoshuka, na hayakupishana sawa, la tatu na la nne yameachana zaidi. Bi Hobday alishanionyesha mshono kama huo. Ni wa mtu wa mkono wa kushoto. Nikaichukua ile orodha ya kuokota, nikaiinua pia. Matundu matano. Yameelemea upande ule ule. La tatu na la nne yameachana.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Hati hii imefumuliwa," nikamwambia. "Imeshonwa na mtu wa kushoto ikiwa na kurasa tano. Halafu mtu mwingine akaifumua, akatoa ukurasa huu, akashona nne zilizobaki. Orodha haikupata matundu ya pili kwa sababu ilikuwa tayari imeshatolewa."

Bwana Marchant alizitazama zile karatasi, akanitazama mimi, akazitazama tena. Chai ilipoa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokaribia kugombana na mtu aliyenipa kazi.

Ilibidi niandikiwe hati ya kiapo kueleza niliyoyaona, na ifikishwe kwa jaji wa kesi ya vitabu kabla ya saa kumi, siku ya mwisho ya kupokea ushahidi. Ilipokwisha kupigwa chapa wakaniletea nitie sahihi. Ilikuwa saa nane na robo. Nikaisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mstari wa pili ulisema mimi, Wakesho Mwakio, wa Nechells, klina.

"Hapa mmeandika nini?"

"Kazi yako," akasema Bwana Marchant. "Ndivyo ulivyoandikishwa ulipoingia. Hatukubadilisha."

"Basi badilisheni."

"Tutabadilisha, nakuahidi. Wiki ijayo. Leo tia sahihi tu, saa kumi ni karibu."

"Siwezi kuapa uongo."

"Si uongo, Bi Mwakio, ni utaratibu tu wa ofisi."

"Mara ya mwisho nilishika ufagio lini hapa?"

Akatoa kalamu akasema atalikata lile neno, aandike jingine juu, sote tuweke herufi zetu kando. Nikakataa hilo pia. Nilimwambia, "Klina anajua vumbi. Karatasi hii inazungumza juu ya matundu. Ukimpelekea jaji klina anayezungumza juu ya matundu, yule wakili mwingine atacheka, na atakuwa na haki. Na ukimpelekea neno lililokatwa, atauliza jana nilikuwa nani."

Na kuna jambo sikumwambia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimevifunua vile vitabu kwa mara ya kwanza. Chini ya kila kipande cha utepe, kwa wino uliopauka, palikuwa na jina la aliyekifuma. Mengi yalikuwa ya wanawake. Jina, na mbele ya jina, mfumaji. Watu waliofika nchi hii na mabunda mgongoni, hawana lugha, hawana nyumba, na bado waliandika mfumaji. Mimi nivipiganie vitabu hivyo nikiwa nimekubali kuitwa jina la ufagio?

Bi Hobday alikuwa ameshastaafu ila alikuja kila Ijumaa kunikagua, ingawa sikuwa nimemwomba. Alikuwa amesimama mlangoni. "Amekwisha kusema, bab," akamwambia wakili. "Saa nane na dakika ishirini. Ningekuwa wewe ningemwita mpiga chapa."

Ikapigwa upya. Mshonaji wa hati. Niliitia sahihi, nikaapa, kisha nikaishona mwenyewe, matundu matano, maana nani mwingine angeishona? Ilifika saa kumi kasoro dakika sita.

Tukaitwa chumbani kwa jaji. Ilikuwa ile baridi ambayo umeme ulikatwa kwa zamu kwa sababu wachimba makaa walikuwa wamegoma, na zamu ya giza ilikuwa yetu. Tulikaa na makoti. Wakili wa mpwa alikuwa mrefu, sauti yake nzuri kama ya msoma taarifa za redio.

"Bi Mwakio, ulisoma hadi darasa la ngapi?"

"La nne."

"Na sheria?"

"Sikusoma."

"Kwa hiyo hati hii huielewi."

"Maneno yake nayaelewa polepole. Matundu yake nayaelewa haraka."

Jaji akakohoa. Akaagiza ile hati na ile orodha ziwekwe mbele yangu. Akasema kwa upole kwamba jambo lenyewe ni rahisi, nilazie orodha juu ya hati, nipitishe sindano kwenye yale matundu ya zamani, tuone kama yanalingana. Bwana Marchant akanipa ishara ya kichwa. Sindano nilikuwa nayo kwenye ukosi wa koti, sikuwahi kutoka bila sindano.

Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa."

Bwana Marchant alifumba macho.

"Hapana?" akauliza jaji.

"Sindano yangu ikipita pale, tundu litakuwa langu. Litalingana kwa sababu mimi nimelilinganisha. Kesho mtu atasema yule mama alitoboa mwenyewe mbele ya jaji, na atakuwa anasema kweli."

Yule wakili mrefu alikuwa ameshaanza kuandika. Akaiweka kalamu chini.

"Sasa unataka nifanye nini?" jaji akauliza.

"Uinuke uende dirishani."

Bi Hobday alinigombeza baadaye, akasema katika miaka yake yote hajasikia jaji akiambiwa ainuke. Lakini aliinuka. Alikuwa mzee, alishika kiti kwanza. Nje kulikuwa na theluji juu ya mapaa na mwanga wake ulikuwa mkali. Akalaza orodha juu ya ukurasa mmoja, akaziinua, akazisogeza kidogo kidogo. Mdomo wake ulikuwa unatembea. Kisha tukamsikia.

"Moja. Mbili. Tatu." Akanyamaza pale kwenye ile nafasi kubwa. "Nne. Tano." Akazisogeza tena. "Haya mengine matano hayapitishi mwanga."

"Hayapitishi kwa sababu orodha haikuwepo yalipotobolewa," nikasema.

"Nimeelewa, Bi Mwakio," akasema jaji. "Nimeshafika."

Nani aliifumua? Sikusema, kwa sababu sikujua, na hata leo sijui. Tundu halikuambii jina la mtu. Linakuambia tu kuna mtu alipita.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Orodha ni sehemu ya wakfu, vitabu visiuzwe wala visikatwe. Bwana Marchant aliileta barua mwenyewe hadi mezani kwangu na kuisoma akiwa amesimama. Nami nilikuwa nimeinama, machozi yalikuwa karibu na utepe, na utepe hauvumilii maji. Akasema, "Tenez-vous droite." Nikakaa wima.

Baada ya hapo mambo yake ya Ufaransa yalifunguka. Mji mmoja wa kule, ambako hadi leo wanafuma, ulimtuma mkuu wa jumba lao la makumbusho aje kuviona. Mama mmoja mnene, skafu shingoni, Kifaransa kinamwagika. Bwana Marchant alikuwa anaitikia kichwa tu. Nikawafunulia kitabu cha kwanza. Yule mama akapeleka vidole kutaka kuvuta kipande aone nyuma yake. Bila kufikiri nikasema, kwa sauti ya Sista Clotilde yenyewe, "Ne touchez pas." Usiguse.

Mikono yake ikaenda mgongoni, yote miwili, kama mtoto wa shule. Kisha akageuka akanitazama, akaanza kucheka. Kumbe na yeye alilelewa na masista. Kuanzia hapo alizungumza na mimi, wakili akawa wa kupeleka chai.

Walikubaliana vitabu vyote kumi na kimoja vikae pamoja siku zote, mwaka huku, mwaka kule, na wafumaji vijana wa kule waje, wa huku waende. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, nami nikaushona. Wao kwao hutoboa matundu matatu. Nikasema matatu ni ya daftari la shule. Yakawa matano.

Mama Kulwant alipoisikia habari yote aliniuliza, "Sasa wewe umepata nini?"

"Nimeandikwa mshonaji."

"Na sisi wengine?"

"Vya wahamiaji wa kwanza vikikatwa vipande, unadhani vya wa mwisho vitafika kabatini?"

Akafikiri. Wiki iliyofuata aliniletea shali ya mama yake, iliyotarizwa Punjab na kubebwa hadi Kisumu na kubebwa tena hadi Nechells. Alitaka karatasi. Bwana Marchant akaiandika, kwamba shali hiyo isikatwe. Palipaswa kuwa na jina la aliyeitarizi. Mama Kulwant akalitaja. Nikaishona kwa utepe ule ule wa kijani.

Mashine ilikuja mwishoni mwa miaka ya sabini. Fotokopi kwanza, halafu kile kidude cha kubana kurasa kwa plastiki. Wakili mmoja kijana akaniambia utepe ni kupoteza muda. Nikampa hati iliyobanwa kwa plastiki nikamwambia toa ukurasa wa tatu. Akatoa. Nikamwambia rudisha. Akarudisha. Nikamwambia nionyeshe mahali palipoguswa. Alizungusha zile karatasi muda mrefu. Nilistaafu mwaka uliofuata, na sikuaga kwa keki.

Kwa hiyo wewe mjukuu wangu, na unajua ni wewe, nimekuandikia. Usiniombe msamaha, nenda kaisome karatasi iliyoandika kazi yako, na kama imesema uongo, kaa kwenye kiti cha wateja mpaka ipigwe upya. Watakuambia saa imekwenda. Saa zao hupatikana.

Ile hati yangu ya kiapo bado imo katika mafaili ya kesi ile. Jina langu lipo, na kazi yangu iko mbele ya jina. Siku ukiruhusiwa kuishika, nawa mikono, uipeleke dirishani. Utahesabu matundu matano, si zaidi. Usiifumue.